Kura moja tu: ginsi kituo cha anga kilitaka kufa juu ya bei, na ginsi kilipona



Leo sitaongea juu ya mbegu wala mbolea. Nitaongea juu ya historia ya kitu kimoja chenye kiko mbali sana na mashamba yetu. Lakini acha nianzie karibu.

Kiisha kupata lisansi yangu ya agronomia, niliingia mu kikundi cha vijana tuliotaka kujenga depo ya mbegu kwa ajili ya chama kimoja cha walimaji. Mimi nilipewa kazi ya kupiga hesabu. Nikahesabu simenti, mabati, mbao, misumari, gari la kupandisha mzigo kwa ile barabara ya matope, na mshahara wa mlinzi. Nikaleta jumla. Mkubwa mmoja wa kikundi akaangalia karatasi, akacheka, akaniambia: "Kama tunaandika bei ya kweli, habatatupatia kitu. Andika nusu. Kazi ikisha kuanza, batalazimika kumalizia."

Nikaandika nusu. Feza zikatoka, kazi ikaanza, kuta zikapanda mpaka usawa wa madirisha. Kiisha mabati yakakosa, wafadhili wakachoka na barua zetu. Zile kuta ziko pale paka leo, majani yanaota ndani.

Tangu siku ile nimejiuliza mara nyingi: hii tabia ya kuandika nusu, ni yetu sisi tu? Kumbe hapana. Nchi tajiri kuliko zote ilifanya vilevile, tena kwa kazi ambayo wengi wanasema njo yenye imekula feza kuliko kitu chochote binadamu amejenga: kituo cha anga cha kimataifa. Tofauti na depo yetu ni moja: chao kilimalizika. Nilitaka kujua sababu. Njo historia ninayowaletea leo.

1. Dola miliari 8

Kwanza tujue tunaongea juu ya nini. Kituo kile kiko kilometa 400 hivi juu ya vichwa vyetu. Kina uzito wa tani zaidi ya 400, na urefu wake unakaribia uwanja wa mpira. Kinazunguka dunia nzima kwa dakika 90 hivi. Usiku, wakati umeme umekatika mu mtaa (na sisi giza tunalijua), unaweza kukiona kinapita kama nyota yenye haipepesi, kutoka upande mmoja wa mbingu mpaka mwingine, dakika chache tu, halafu kinazimika mu kivuli cha dunia. Ndani yake mna watu. Tangu tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2000, hakijabaki bila watu hata siku moja.

Mambo yalianza tarehe 25 mwezi wa kwanza 1984. Raisi Ronald Reagan alikuwa anatoa hotuba yake ya kila mwaka mbele ya Bunge la Marekani. Akaagiza NASA, shirika lao la anga, wajenge kituo chenye watu watakaa ndani siku zote, na wakimalize ndani ya miaka kumi. Akasema pia wataalika nchi rafiki waje kusaidia.

Bei? James Beggs, mkubwa wa NASA wakati ule, alikuwa ametaja dola miliari 8. Hesabu hiyo ilikuwa na ujanja wenye mtu yeyote wa mradi ataujua. Haikuweka ndani bei ya kupandisha vyuma angani kwa shuttle, ile ndege yao ya anga. Haikuweka bei ya kukiendesha kituo kikisha kujengwa. Ni kama vile mimi niliandika simenti na mabati nikaacha gari na mlinzi. Karatasi inakuwa nzuri, jumla inakubalika, na kila mwenye anaifahamu kazi anajua kama si kweli.

Bunge likakubali. Mlango ukafunguka.

2. Miaka tisa ya karatasi

Mwaka 1987, tangu chuma hata kimoja hakijakatwa, NASA wenyewe walikuwa wamefika dola miliari 14 na nusu. Mwaka 1988 kituo kikapewa jina, Freedom, maana yake Uhuru. Mwaka ule ule nchi za Ulaya, Japani na Kanada zikatia sahihi mkataba. Ulaya na Japani kila mmoja ataleta maabara yake, Kanada italeta mkono mkubwa wa chuma wa kubeba mizigo inje.

Jina likawa zuri, lakini kazi ikawa mbaya. Kazi iligawanywa kwa vituo vinne vya NASA: kimoja Alabama, kimoja Texas, kimoja Maryland, kimoja Ohio. Kila kimoja kilikuwa na kampuni yake kubwa. Ofisi ya kuwasimamia wote iliwekwa fasi ya tano, Virginia. Kwa nini kugawa hivyo? Kwa siasa ilikuwa akili: mbunge mwenye watu wake wanapata kazi mu mradi hataupigia kura ya kuuua. Kwa ufundi ilikuwa msiba. Ukibadilisha waya upande mmoja, lazima uandikie barua pande zingine tatu.

Na kubadilisha kulikuwa kwa kila mara. Kila mwaka Bunge linauliza: "Mbona bei imepanda?" Linakata bajeti. NASA wanachora upya ili kitoshe mu bajeti mpya. Kuchora upya kunakula feza na kunachelewesha. Kuchelewa kunapandisha bei, sababu maelfu ya mainjinia wanalipwa kila mwezi, kazi iende ao isiende. Mwaka unaofuata Bunge linauliza tena: "Mbona bei imepanda?"

Wandugu, hapa nawaomba tusimame kidogo. Watu wengi wanazani bei ya mradi inapanda sababu ya wizi peke yake. Wizi upo, sisi hatuna haja ya kufundishwa. Lakini hapa karibu kila kitu kilikuwa wazi, chenye hesabu na sahihi. Bei ilipanda sababu ya ule mzunguko: bei ya uongo inaleta bajeti ndogo, bajeti ndogo inaleta uchelewesho, uchelewesho unaleta bei kubwa. Kufika 1993 walikuwa wamekula zaidi ya dola miliari 10. Angani hawakuwa wamepeleka hata msumari.

3. Kura moja

Mwaka 1993 Bill Clinton alikuwa raisi mpya, na nchi ilikuwa na deni kubwa. Akaagiza kituo kichorwe tena upya, kiwe cha bei ndogo. Lakini wabunge wengi walikuwa wamechoka. Mbunge mmoja wa Indiana, Tim Roemer, akaleta pendekezo la kukiua kabisa.

Tarehe 23 mwezi wa sita 1993 wakapiga kura. Wenye walitaka kife: 215. Wenye walitaka kiishi: 216.

Kura moja. Kama mtu mmoja tu angebadilisha mawazo wakati ule, labda leo hakuna kitu kinachopita juu ya vichwa vyetu usiku.

Sasa mulinganishe na jambo lingine la siku zile zile. Marekani ilikuwa inajenga pia mashine kubwa ya fizikia mu Texas, pembeni ya muji unaoitwa Waxahachie: njia ya duara chini ya udongo, urefu wake zaidi ya kilometa 80, ya kugonganisha chembe ndogo sana za maada. Nayo ilianza na bei ya chini, miliari 4 na kitu, ikapanda ikapita miliari 11. Kesho yake, tarehe 24, wabunge wale wale wakaipigia kura: 280 wanataka ife, 150 tu wanataka iishi. Mwezi wa kumi ikafa kabisa. Walikuwa wamekula dola miliari 2 hivi na kuchimba kilometa zaidi ya 20 za shimo.

Ugonjwa ulikuwa mmoja: bei iliyoandikwa ndogo. Kwa nini mmoja alikufa na mwingine akapona? Sababu ni nyingi, sitaki kuwadanganya. Kituo kilikuwa na wafanyakazi mu majimbo mengi, ile mashine ilikuwa zaidi ya Texas. Lakini kuna tofauti moja yenye sikuweza kuiacha: ile mashine ilikuwa ya Marekani peke yake. Walitafuta wageni wa kusaidia kulipa, hawakupata msaada wa maana. Kituo kilikuwa tayari na Ulaya, Japani na Kanada ndani, na sahihi zao. Kuua mashine ni kujiumiza wewe mwenyewe. Kuua kituo ni kuvunja neno ulilowapa majirani kumi na zaidi.

4. Mtu mwenye nchi yake ilipotea angali juu

Lakini kura moja si msingi. Mwaka unaofuata wangeweza kurudi na kukiua. Njo hapa anaingia jirani mwenye hakuna aliyemtazamia: Murusi.

Tukumbuke kwamba Reagan alipoanza mradi, kituo kilikuwa cha kuwaonyesha Wasoviet nani ni mkubwa. Na Wasoviet walikuwa mbele. Tangu tarehe 20 mwezi wa pili 1986 walikuwa na kituo chao, Mir, chenye watu wanaishi ndani, wakati Wamarekani wangali wanachora.

Kiisha ile nchi ikavunjika. Kuna mtu mmoja mwenye historia yake inaeleza yote: Sergei Krikalev. Alipanda Mir mwezi wa tano 1991 akiwa raia wa Umoja wa Kisoviet. Akiwa juu, nchi yake ikafa chini. Alikaa siku zaidi ya 300, na aliporudi mwezi wa tatu 1992, alishukia Kazakhstan, yenye ilikuwa sasa nchi nyingine yenye bendera yake.

Huku chini mainjinia wa roketi wa Urusi walikuwa hawalipwi vizuri, wengine miezi bila mshahara. Washington waliogopa jambo moja: hawa watu wanajua kutengeneza roketi zinazoweza kubeba bomu. Kama nchi nyingine itawaita na feza, wataenda. Afazali kuwapa kazi ya amani kuliko kuwaacha na njaa.

Tarehe 2 mwezi wa tisa 1993, Al Gore, makamu wa raisi wa Marekani, na Viktor Chernomyrdin, waziri mkuu wa Urusi, wakatia sahihi: tutajenga kituo kimoja pamoja. Marekani ikalipa Urusi dola milioni 400 ili wanaanga wake wakaishi kwanza ndani ya Mir na kujifunza. Jina la Uhuru likatupwa.

Muangalie kura ya Bunge mwaka uliofuata, 1994. Pendekezo lilelile la kukiua likarudi. Matokeo: 278 wanataka kiishi, 155 wanataka kife. Mwaka mmoja, kutoka kura moja mpaka kura 123. Kituo hakikuwa tena mradi wa sayansi tu. Kilikuwa mkataba wa amani wenye madirisha.

5. Bei ya urafiki

Sasa hapa wengi wanakosea, hata NASA walikosea. Walisema kumuingiza Murusi kutapunguza bei, kama dola miliari 2. Bajeti mpya ikawekwa: miliari 17.4, haitapita hapo.

Ilipita.

Kwanza, njia ya kituo angani ilibidi ibadilishwe, ipande zaidi upande wa kaskazini na kusini, ili roketi za Urusi zinazotoka Baikonur ziweze kukifikia. Faida ni kwamba leo kinapita juu ya sehemu kubwa zaidi ya dunia yenye watu. Hasara ni kwamba shuttle za Marekani haziwezi tena kubeba mzigo uleule. Ikalazimika kutengeneza tangi jipya jepesi zaidi.

Pili, Murusi hakuwa na feza. Kipande cha kwanza, Zarya, kilipanda tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 1998. Kilitengenezwa Moscow, lakini kwa feza za Marekani. Wiki mbili baadaye Wamarekani wakaleta chao, Unity, wakaviunganisha. Kipande cha tatu, Zvezda, chenye ndani mna vitanda, choo na hewa ya kupumua, kilikuwa cha Urusi kulipa. Serikali ya Urusi haikutoa feza kwa wakati. Vipande viwili vikazunguka dunia bila watu mwaka mmoja na nusu na zaidi, vinangojea cha tatu, kama kuta bila bati. Mwaka 1998 NASA wakalazimika kuwapa Warusi dola milioni 60 nyingine, wakisema wananunua saa za kazi za wanaanga wa Urusi. Kila mtu alielewa: ni feza za kumalizia Zvezda. Ikapanda tarehe 12 mwezi wa saba 2000.

Kabla ya hapo, mwezi wa nne 1998, wachunguzi wa inje wakiongozwa na Jay Chabrow walikuwa wamefungua vitabu vya hesabu. Wakasema miliari 17.4 haitatosha, itakuwa karibu miliari 24.7, na kazi itachelewa mwaka mmoja mpaka mitatu. Hawakumtupia Murusi lawama zote. Walisema mpango wenyewe ulikuwa na matumaini kupita kiasi, hauna akiba ya kutosha kwa ajili ya matatizo. Wandugu, hii niliisoma nikafunga telefone kidogo. Mpango bila akiba. Njo vile niliandika mimi.

Watu watatu wa kwanza waliingia tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2000: Mumarekani Bill Shepherd, na Warusi Yuri Gidzenko na Sergei Krikalev. Ndiyo, Krikalev yuleyule.

Miezi michache tu kiisha, mwanzo wa 2001, NASA wakatangaza kuwa bei itapanda tena dola miliari karibu 5. Serikali ya George W. Bush ikasema basi. Wakakata nyumba ya kulala, wakakata chombo cha kurudisha watu saba chini wakati wa hatari. Maana yake kituo kingebaki na watu watatu. Tume nyingine, ya Tom Young, ikapiga hesabu yenye kila mwanafunzi anapaswa kuijua: kutunza kituo peke yake, kufunga, kufungua, kutengeneza vilivyoharibika, kunakula kazi ya watu wawili na nusu. Kwa sayansi, yenye kituo kilijengwa kwa ajili yake, inabaki nusu ya mtu. Ni kama shamba la watu watatu, wawili na nusu wanatengeneza lupango, na nusu mtu njo mwenye analima.

Ulaya na Japani walikasirika. Maabara zao zilikuwa zimeshajengwa kwa feza zao, kwa hesabu ya watu sita ao saba. Wakapiga kelele: mkataba ni mkataba. Na kelele ile ilikuwa na nguvu, sababu walikuwa na kitu mikononi. Ilichukua miaka, lakini mwezi wa tano 2009 kituo kikapata watu sita.

6. Kulipana bila feza

Hapa kuna jambo lenye lilinishangaza zaidi ya yote. Wale washirika hawalipani feza, ao kidogo sana. Wanabadilishana kazi.

Maabara ya Ulaya, Columbus, ilihitaji kupandishwa na shuttle. Badala ya kulipa tiketi, Ulaya ilitengenezea Wamarekani vipande viwili vingine vya kituo, mu viwanda vya Italia. Kiisha kila mwaka kuna gharama za pamoja: maji, hewa, kusukuma kituo kisishuke. Ulaya ililipa sehemu yake kwa kupeleka meli tano za mizigo, kati ya 2008 na 2014. Japani vilevile, na meli zake. Kanada ilileta mkono wa chuma mwaka 2001, na kwa sababu ya mkono ule ina haki ya kupeleka wanaanga wake.

Kwa nini hivyo? Sababu kila bunge linataka feza za walipakodi wake zibaki mu viwanda vyake. Mufaransa hatakubali kodi yake ilipe mainjinia wa Houston. Lakini atakubali ilipe mainjinia wa Toulouse, watengeneze kitu chenye kitaenda angani. Pia ukishatengeneza kipande chako, wewe ni mwenye nyumba, si mgeni. Mtu mwenye alitoa feza anaweza kuacha kutoa. Mtu mwenye chumba chake kiko ndani ya nyumba hawezi kuondoka bila kukiacha.

Mu historia hii kuna somo chungu pia, lenye linatuhusu zaidi sisi wa nchi zisizo na mali. Mwaka 1997 Brazili iliingia. Iliahidi kutengeneza vifaa vya dola milioni 120 hivi. Ingepata nafasi ya utafiti na mwanaanga. Lakini bajeti ikakosa, mwaka baada ya mwaka, vifaa havikutoka. Mwisho Brazili ikaondoka mu mradi. Mwanaanga wake, Marcos Pontes, alifika juu mwaka 2006, lakini kwa chombo cha Urusi, na tiketi Brazili iliilipa yenyewe. Mwenye hakuleta kipande chake alilipa kama abiria.

7. Siku mlango mmoja ulifungwa

Tarehe 1 mwezi wa pili 2003, shuttle Columbia ilivunjika ikirudi duniani. Watu saba wakafa. Shuttle zote zikasimamishwa mpaka mwezi wa saba 2005.

Juu kulikuwa na watu watatu. Kama kituo kingekuwa cha Marekani peke yake, wangeshuka na kufunga mlango, na kituo bila watu ni hatari kubwa ya kupotea. Lakini kulikuwa na Murusi. Soyuz zake ndogo zikapandisha na kushusha watu, wawiliwawili ili chakula na maji vitoshe. Meli zake za mizigo zikaleta maji na mafuta. Yule mwenye alichelewesha kazi mwaka 1998 juu ya kukosa feza, njo yeye aliyeiokoa mwaka 2003.

Baadaye shuttle zilistaafishwa mwaka 2011, na miaka tisa Wamarekani hawakuwa na njia ingine ya kupanda. Murusi akapandisha bei ya kiti: kutoka dola milioni zaidi ya 20 mpaka karibu milioni 90. Urafiki ni urafiki, lakini soko ni soko. Mwaka 2020 kampuni ya SpaceX ikaanza kupeleka watu kutoka Florida, na ile biashara ikaisha. Mwaka 2022, huku chini vita vya Ukraine vinawaka na vikwazo vinapigwa, wakakubaliana kubadilishana viti: Murusi mmoja kwa chombo cha Marekani, Mumarekani mmoja kwa chombo cha Urusi, hakuna anayelipa. Si kwamba wanapendana. Upande wa Urusi unasukuma kituo kisishuke, upande wa Marekani unatoa sehemu kubwa ya umeme. Hakuna anayeweza kuzima taa ya mwenzake bila kujizimia yake.

8. Jumla ya hesabu

Wakaguzi wa ndani wa NASA waliandika mwaka 2014 kwamba Marekani peke yake ilikuwa imetumia karibu dola miliari 75, safari za shuttle zikiwa ndani. Hapo hatujahesabu Ulaya, Urusi, Japani na Kanada. Kulinganisha na miliari 8 za 1984 si haki kabisa, dola ya wakati ule si ya leo, na kitu chenyewe kimebadilika. Lakini hata ukipunguza unavyotaka, ile 8 haikuwa bei. Ilikuwa ufunguo wa mlango.

Je, kazi ilifaa? Watu wa sayansi wanabishana. Mimi kama mu-agronome nitataja kitu kimoja kidogo: mwezi wa nane 2015 wanaanga walivuna salade nyekundu iliyoota ndani ya kituo, chini ya taa, mizizi yake mu mifuko midogo ya udongo maalum, wakaila. Mbegu hazikujua juu ni wapi. Nilipoona picha nilifurahi kama mtoto, lakini siwezi kuwaambia kama saladi ile ina bei ya miliari 75.

Kituo hakitaishi milele. Mpango ni kukishusha kiisha 2030, kianguke mu bahari mbali na watu. Mwaka 2024 NASA waliipa SpaceX mkataba wa mpaka dola milioni 843 kwa kutengeneza chombo cha kukisukuma chini. Hata kubomoa kuna bei yake, na bei hiyo haikuwa mu karatasi ya 1984.

Sasa turudi kwa depo. Yule mkubwa aliyeniambia "andika nusu" alikuwa na nusu ya ukweli. Bei ndogo inafungua mlango, Reagan na Beggs ni mashahidi. Kama wangesema ukweli wote mwaka 1984, labda Bunge lingekataa. Lakini bei ndogo haimalizii nyumba. Ile mashine ya Texas nayo ilifunguliwa kwa bei ndogo, na leo ni shimo. Kituo hakikuokolewa na uongo wa mwanzo. Kilikokolewa na watu wenye walikuwa na chumba chao ndani, wenye hawakuweza kuondoka. Na watu wale hawakupunguza bei. Waliipandisha. Lakini bila wao kungekuwa na kuta na majani.

Sisi mu kikundi chetu tulitafuta wafadhili. Walimaji wenyewe, wenye mbegu zingelala mule, tuliwaambia wangojee, tutawaita siku ya kukata utepe. Hatukuwaomba hata tofali moja. Wafadhili walipochoka, hakuna hata mmoja mwenye alikuwa na kitu chake ndani ya zile kuta.

Mwezi uliopita nimerudi kule na karatasi mpya. Bei ni kubwa kuliko mara ya kwanza, na nimeweka akiba ndani. Mzee mmoja wa chama ameisoma polepole, akauliza: "Na sisi tunaleta nini?" Tumeandika pamoja: matofali, mchanga wa mtoni, na siku mbili za kazi kwa kila nyumba. Bati bado halijapatikana. Lakini mara hii kama kazi itasimama, kuna watu wenye watakuja kugonga mlango wangu usiku.

Nyinyi wenye mumeshaandika miradi, mulipata kuandika bei ya kweli? Na ilikubaliwa? Mutuambie, tujifunze.